Utafiti Ukigeuka Njiani, Mwalimu Ashike Nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyepata udaktari wake Chicago, alirudi Katanga kufundisha kwenye kampasi ya Lubumbashi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Hakuwa mgeni. Mwaka 1966 na 1967 alikuwa amekaa huku akichunguza Jamaa, harakati iliyotokana na mafundisho ya padri Placide Tempels na kuenea miongoni mwa wafanyakazi wa migodi na wake zao. Safari hii alikuja na mpango mwingine, nao ulikuwa umepangwa vizuri: lugha na kazi. Alitaka kujua wafanyakazi wa viwandani na mafundi wa mjini wanazungumzaje Kiswahili wakiwa kazini, na lugha hiyo inabeba nini juu ya maisha yao.

Mwishoni mwa mwaka 1973 mpango huo ulikutana na Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1947. Tshibumba aliishi kwa kuwauzia watu picha za kutundika sebuleni, zile ambazo wenyeji waliziita ukumbusho: mfungwa anachapwa viboko mbele ya mkoloni, Lumumba akiwa mikononi mwa askari, mji wenye bomba refu la moshi. Wachoraji wa namna hiyo walikuwa wengi mjini. Yeye alitofautiana nao kwa jambo moja. Alijiona mwanahistoria, na alitaka kuichora historia ya nchi nzima, tangu mwanzo mpaka siku yake. Katika miezi iliyofuata alileta picha fungu baada ya fungu, zikafika kama mia moja. Kila fungu lilipofika waliketi, kinasa sauti kikawashwa, na Tshibumba akaeleza picha zake moja moja kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, *Remembering the Present*, kilichapishwa mwaka 1996. Uchoraji wa historia haukuwa umepangiwa nafasi yoyote katika mradi uliomleta yule mwalimu.

Nasimamia kazi za utafiti za wanafunzi katika mji huu wa Lubumbashi, na kisa hiki nakitumia kila mwaka. Wenzangu wengi wanakifahamu kama kisa cha bahati: msomi aligongewa mlango, hazina ikaingia. Mimi nakisoma vingine. Bahati ya kugongewa mlango inawapata watafiti wengi, na wengi humshukuru mgeni, hununua picha moja, kisha hurudi kwenye hojaji yao. Tujiulize Fabian alishika nini na aliachia nini.

Aliachia mada. Vifaa vyake hakuviachia. Kwa ajili ya lugha na kazi alikuwa amejizoeza kusikiliza Kiswahili kama kinavyosemwa mjini hapa, bila kukisahihisha kifanane na cha Zanzibar au cha vitabu vya wamisionari. Alikuwa amejizoeza kurekodi mazungumzo marefu, kuyaandika neno kwa neno, kuyatafsiri, kisha kuandika maelezo kando yake. Mchoraji alipofika, kazi hizo nne hazikubadilika hata moja. Isitoshe, Tshibumba naye alikuwa mfanyakazi anayezungumza juu ya kazi yake. Kwa hiyo mradi haukuruka kutoka jambo moja hadi jambo lisilohusiana nalo. Njia ilibaki ile ile na swali likapanuka, kwa sababu mtu aliyeulizwa alikuwa anajua zaidi ya alichoulizwa.

Jambo la pili ni kwamba hakumlazimisha Tshibumba arudi kwenye swali la zamani. Angeweza kumhoji juu ya msamiati wa rangi, brashi na bei, akapata makala safi ya isimu jamii na kufunga daftari. Badala yake alikubali kwamba mbele yake yupo mwenye mpango wake mwenyewe, tena mpango mkubwa kuliko ule wa profesa. Kwa mwalimu hilo ni gumu. Tumefundishwa kwamba anayeuliza ndiye anayeongoza.

Miaka kama kumi na mbili baadaye, mwaka 1986, akiwa sasa profesa wa Amsterdam aliyerudi Lubumbashi kwa ziara, jambo kama hilo likamkuta tena. Alikuwa kwenye chakula na marafiki, akapewa firigisi ya kuku kama mgeni wa heshima. Alipotaka kuikata awagawie wenzake aliambiwa kwamba haikatwi: madaraka huliwa mazima. Akaanza kuulizia maana ya msemo huo. Alipoupeleka kwa waigizaji wa kundi la Mufwankolo, waliojulikana mjini kote kupitia redio na televisheni, hawakumpa maelezo. Waliamua kuutungia mchezo. Wakajadiliana, wakapanga maonyesho bila kuandika maneno ya kukariri, wakafanya mazoezi, mchezo ukarekodiwa kwa televisheni. Fabian alifuata hatua zote hizo na kinasa sauti chake, na mwaka 1990 akatoa kitabu, *Power and Performance*. Fundisho alilolipata humo lingefaa kusomwa katika kila chuo cha ualimu: kuna maarifa ambayo watu hawawezi kuyatoa kama jibu la swali, kwa sababu wanayo katika kutenda. Ukiwauliza watakuambia machache. Ukiwaacha watende utayaona.

Kuna kisa cha tatu, nacho nakipenda kuliko vingine ingawa hakijulikani sana. Mwaka 1974 Fabian alizungumza kirefu na mganga, Kahenga Mukonkwa Michel, baada ya mganga huyo kuikinga nyumba moja ya Lubumbashi kwa dawa. Mazungumzo hayo hayakuwa na nafasi katika mradi wowote wa wakati ule. Aliyarekodi na kuyahifadhi. Yalikuja kuwa kitabu mwaka 2008, miaka 34 baadaye. Mwanafunzi anayetupa daftari la mahojiano yaliyotoka nje ya mada yake anatupa kitu ambacho bado hajui thamani yake. Nawaambia wangu: andika tarehe, andika mahali, omba ruhusa, weka. Gharama yake ni daftari moja.

Lakini tusimtukuze mtu kupita kiasi, na tusiwadanganye wanafunzi kwamba mambo haya ni rahisi. Fabian alikuwa na mshahara na ufadhili wa utafiti. Alikuwa na miaka, siyo muhula. Tena yeye ndiye aliyekuwa mnunuzi wa zile picha. Tshibumba alikuwa na historia yake kichwani, lakini zile mia moja zilichorwa kwa sababu alipatikana mtu wa kuzinunua na kuzisikiliza, na mnunuzi akiwepo, kinachochorwa hakibaki vilevile. Fabian mwenyewe hakulificha suala hilo, na mwalimu anayekitumia kisa hiki darasani asilifiche. Halafu kuna suala la mwisho wa safari: picha hizo leo ziko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lililojulikana kwa miaka mingi kama Tropenmuseum. Mchoraji mwenyewe alipotea machoni pa watu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kijana wa mtaa wa Katuba hapa mjini anayetaka kuziona kwa macho yake historia za nchi yake alizozichora mtu wa mji wake anahitaji viza. Utafiti ukigeuka, msimamizi aulize mapema matokeo yatabaki wapi, maana makubaliano ya mwanzo, kama yalikuwepo, yalihusu kitu kingine.

Sasa turudi madarasani mwetu. Mwanafunzi wa chuo anayeandika TFC (travail de fin de cycle, yaani kazi ya kumaliza mzunguko wa masomo) au tasnifu anatakiwa kuleta mpango kabla hajaenda kokote. Ndani yake kuna tatizo la utafiti, maswali, nadharia tete, mbinu na mipaka ya mahali na wakati. Mpango ukishapitishwa unakuwa mkataba. Miezi michache baadaye anasimama mbele ya jopo, na sentensi inayosubiriwa mwishoni ni kwamba nadharia tete imethibitishwa. Nimezisoma kazi nyingi zinazomalizikia hapo. Ukikaa na mwandishi wake nje ya ukumbi, akiwa ameshatulia, anakusimulia utafiti mwingine kabisa: watu walikataa kujibu swali la tatu, wote walitaka kuzungumzia jambo lingine, soko lilihamishwa, ofisi iliyokuwa na kumbukumbu ilikuwa imefungwa. Hakuna hata moja la hayo lililoandikwa. Mwanafunzi amejifunza kuficha sehemu yenye maarifa mengi zaidi katika kazi yake, na amejifunza hivyo kutoka kwetu, kwa sababu tunaipa alama kazi inayofanana na mpango.

Shule za sekondari zina tatizo hilo kwa sura ndogo zaidi. Tufikirie darasa la mwaka wa mwisho wa humanités, katika mtaa wa Kenya au wa Ruashi hapa mjini, ambalo mwalimu amelipa kazi ya kuhoji wazee waliofanya kazi katika kampuni ya migodi ya Gécamines. Mada imeandikwa ubaoni: mishahara ya wafanyakazi wa migodi zamani na sasa. Maswali kumi yamenakiliwa. Wanafunzi wanakwenda wawili wawili, wanarudi baada ya juma moja, na kwenye daftari zao safu ya mishahara ni tupu. Wazee hawakumbuki tarakimu, au wanazikumbuka katika fedha zilizobadilika mara nyingi mno kiasi kwamba hazina maana kwa kijana. Wamesimulia nini basi? Posho ya unga iliyogawiwa kwa kadiri ya watoto. Shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, nyumba ya kampuni. Halafu mwaka ambao vyote hivyo vilikoma.

Mwalimu ana njia tatu hapo. Anaweza kuwarudisha wanafunzi kwa wazee wale wale na maswali yale yale. Anaweza kufuta kazi na kuwapa nyingine ya maktaba. Au anaweza kuketi na daftari zile na kuuliza zinajibu swali gani. Wanahistoria wa mji huu walishapita njia hiyo ya tatu. Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameandika maisha ya familia za wafanyakazi wa Katanga tangu 1910 hadi 1997 katika kitabu kilichotoka mwaka 2001, na kichwa chake kinasema jambo zima: *Bana Shaba abandonnés par leur père*, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Union Minière, na baadaye Gécamines, ilimlisha mtoto na kumsomesha, na kwa kufanya hivyo iliishika nafasi ya baba katika nyumba ya mfanyakazi. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka hadi chini ya 50,000 kabla ya katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mzee aliyeulizwa mshahara akajibu posho hakukosea swali. Alilisahihisha.

Siku hiyo darasani mwalimu anahitaji muda zaidi kuliko ujuzi. Kwanza asiwakemee. Wanafunzi wakirudi na safu tupu wanaogopa, na mwenye hofu hujaza tarakimu za kubuni usiku ule ule. Awaambie wasome kwa sauti walichoandika, hata kama ni mistari miwili, na kila jambo lililojirudia kwa wazee zaidi ya mmoja liandikwe ubaoni. Swali jipya litoke katika orodha hiyo, kwa maneno ya wanafunzi wenyewe: nani alikuwa anamlisha mtoto wa mfanyakazi, na alipoacha nani alishika nafasi hiyo? Swali la zamani libaki ubaoni juu yake, bila kufutwa, na tarehe ya siku ile pembeni. Kisha waangalie ni vifaa gani bado vinafaa. Wazee ni wale wale na utaratibu wa kwenda wawili wawili unafaa. Maswali saba kati ya kumi hayafai tena. Na kuna watu wapya wa kuhojiwa, ambao mpango wa kwanza haukuwaona kabisa: akina mama. Posho ilipokoma ni wao waliokwenda kuuza mkaa, unga na mboga, na kulima pembezoni mwa mji. Swali la mishahara lingewaacha nje ya historia.

Pia lazima warudi kwa wazee kuwaeleza kwamba kazi imebadilika. Mtu aliyekubali kuhojiwa juu ya mshahara hajakubali kuhojiwa juu ya watoto wake waliokatizwa masomo. Kijana aende na adabu: Baba, ulituambia habari za posho, mwalimu ametuomba turudi kwako, je, uko tayari tuendelee na hilo? Wengine watakataa. Kukataa kwao kuandikwe pia.

Hapa natarajia pingamizi kutoka kwa wenzangu wa sayansi, na ni pingamizi la haki. Swali likiruhusiwa kugeuka kila data inapokuwa ngumu, mtafiti ataendelea kugeuka mpaka apate jibu linalompendeza. Nakubali, na mfano bora wa nidhamu ya kutogeuza swali nao umetoka Lubumbashi. Kikosi cha sumu na mazingira cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, kilichapisha mwaka 2009 vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi mno katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kisha ukafuata utafiti juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro mjini Lubumbashi, uliochapishwa mwaka 2020 katika *The Lancet Planetary Health*: watoto 138 wenye kasoro zinazoonekana walilinganishwa na 108 wasio nazo. Vipimo vya metali kwa akina mama havikutoa jibu lililonyooka ambalo wengi wetu tungelitarajia. Kilichojitokeza kwa nguvu zaidi ni kazi ya baba: uwezekano wa kuwa na baba anayefanya kazi ya migodi ulikuwa zaidi ya mara tano kwa watoto wenye kasoro, ingawa upana wa makadirio hayo ni mkubwa na watafiti wenyewe waliuonyesha.

Tazama walivyofanya. Hawakubadilisha swali katikati, wala hawakuongeza watoto wa upande mmoja ili jibu la metali litokee. Kundi la kulinganishia lilipangwa, likabaki. Kisichotarajiwa kilitangazwa pamoja na kile kilichotarajiwa lakini hakikuonekana. Katika utafiti wa namna hii mgeuko unakuja mwishoni, kama swali la utafiti unaofuata: baba analeta nini nyumbani kutoka mgodini? Kugeuza katikati kungeua ulinganisho wote. Kwa hiyo msimamizi anayejua kazi yake hutofautisha. Utafiti wa kupima na kulinganisha humaliza njia yake hata kama matokeo yanakera. Utafiti wa kusikiliza hugeuka pale msimuliaji anapougeuza. Anayechanganya haya mawili atawafundisha wanafunzi wa udaktari wa binadamu kubuni, na wale wa historia kuziba masikio.

Kuna pia mgeuko wa uvivu, ambao hauhitaji nadharia. Mwanafunzi aliyepanga kwenda mji wa Kipushi akabaki mtaa wa Kamalondo hapa mjini kwa sababu nauli imepanda hajagundua kitu, amepungukiwa nauli. Hilo siyo kosa lake, mara nyingi ni kosa letu tulioidhinisha mpango usiolipika, lakini aliandike hivyo hivyo na asilivike vazi la ugunduzi. Kipimo ninachokitumia ni kifupi. Namuuliza: nani amekugeuza? Akinitajia mtu aliyemhoji, hati aliyoisoma au kipimo alichokichukua, tunaendelea kuzungumza. Akinitajia kalenda tu, tunapunguza ukubwa wa kazi na swali linabaki.

Mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) ulioanza kuingia katika vyuo vyetu tangu mwaka wa masomo 2021-2022 umetulazimisha kuandika upya miongozo mingi, ikiwemo ya kazi za mwisho za wanafunzi. Nafasi hiyo isipotee. Naomba wakuu wa vitivo na walimu wanaokaa kwenye majopo wakubaliane juu ya kitu kimoja kidogo: kila kazi ya utafiti iwe na kurasa mbili au tatu zinazosimulia historia ya swali lake. Mwanafunzi aeleze alianza na swali gani, nani au nini kililigeuza, tarehe gani, alibakiza vifaa vipi, aliwarudia vipi watu aliowahoji. Kama halikugeuka aseme halikugeuka na kwa nini. Kurasa hizo zipewe alama zake, alama zinazoonekana kwenye karatasi ya tathmini, siyo sifa ya mdomoni. Walimu wa sekondari hawana haja ya kusubiri barua ya wizara. Wanaweza kuanza na kazi ya muhula huu, kwa daftari moja la darasa na kwa kutofuta ubaoni swali la kwanza.